Kuuza zabibu na mama naandika kwenye CV au naacha? Afisa kaniambia nifute

#1 BintiMpunguzi
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili hapa Dodoma, natafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, likizo hii ndefu. Wiki iliyopita nilipeleka barua na CV ofisi moja hapa mjini. Afisa aliyenipokea aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Alipofika sehemu ya uzoefu akachukua kalamu akakata mstari mmoja: "Kusaidia familia kuuza zabibu." Akasema hiyo siyo kazi, ni shughuli za nyumbani, na CV ya msomi haiwekwi mambo ya shambani.

Nimerudi hosteli na ile karatasi naitazama mpaka leo. Ukifuta huo mstari, chini ya neno Uzoefu hakuna kitu. Nina shule nilizosoma, nina namba ya simu, basi. Wakati kwenye zabibu nipo tangu darasa la sita. Daftari la mauzo naandika mimi, kwenye mizani nasimama mimi, na wanunuzi wa mchuzi (maji ya zabibu tunazokamua) wakija na madumu yao anayewahesabia ni mimi.

Naomba kuuliza, mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa anaandika nini? Na huo mstari niurudishe au niuache?

#2 Nkuhungu Juu
Urudishe. Mengine tutajadili baadaye.

#3 MwanaBahi
Mimi naomba nimtetee kidogo huyo afisa. "Kusaidia familia kuuza zabibu" hata mimi ningeupita. Nusu ya vijana wa mkoa huu wamesaidia kuuza kitu, kama siyo zabibu ni ubuyu, kama siyo ubuyu ni mkaa. Umetuambia sisi kwamba unaandika daftari, unapima, unahesabu na wanunuzi. Hayo yote kwenye karatasi hukuyaandika. Yeye angeyajuaje?

#4 Hewa ya Dodoma
Dada, usijichoshe na mistari. Kazi ni kujuana. Mimi nilipeleka CV safi ofisi tano, zote kimya. Mjomba alipopiga simu moja, jumatatu nikaanza fildi, na ile CV hakuna aliyeifungua. Sisemi ni haki, naeleza kilichonitokea.

#5 Mama Kongwa
Mwanangu BintiMpunguzi, naendesha kikundi cha wasindikaji, tunachukua wanafunzi wa fildi wawili kila mwaka. Mwaka jana bahasha zilizidi arobaini. Ninavyosoma mimi ni hivi: naanza na simu, naangalia kama ipo na inasomeka. Halafu natafuta kitu mtu alichofanya kwa mikono yake. Halafu ndiyo naangalia anasoma nini.

Katika bahasha hizo arobaini, karibu zote ziliandika "ninaweza kufanya kazi kwa shinikizo bila kusimamiwa". Mtoto wa mwaka wa pili hajasimamiwa wapi mpaka ajue anaweza bila kusimamiwa? Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Nikikutana na anayesema ameshika daftari la mauzo misimu minne, huyo namwita hata kama barua yake ina makosa ya herufi.

Zabibu hazina kosa. Kosa ni neno "kusaidia". Ukisema ulisaidia, msomaji anakuona umesimama pembeni umeshika ndoo.

#6 Dada Ihumwa
Namuunga mkono Mama Kongwa. Na mjue waajiri hawana muda. Utafiti wa dunia nzima ulionyesha CV inasomwa kwa sekunde 6 tu. Kwa hiyo kila kitu kiwe juu kabisa.

#7 Mzee wa Reli
Dada Ihumwa, hiyo ya sekunde 6 naona inazunguka kila mahali, tuiweke sawa. Haukuwa wa dunia nzima. Ni kampuni ya Marekani, Ladders, mwaka 2012, walifuatilia macho ya waajiri 30. Mwaka 2018 walirudia wakapata sekunde 7.4. Na huo ni mtazamo wa kwanza tu wa kuamua aendelee au aache, siyo usomaji wote. Mama Kongwa hapo juu anasoma bahasha zake kwa utaratibu kabisa.

Ila usemi wako kwamba la muhimu likae juu, huo naukubali. Na ushindani umeongezeka. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 nawaona vijana wanapanda Morogoro asubuhi na bahasha za kaki mkononi, jioni wanarudi.

#8 Dada Ihumwa
Asante Mzee kwa marekebisho, nimepokea.

#9 Chapachapa
Naomba niseme mimi nina steshenari karibu na chuo, kwa sababu lawama nyingine ni zetu.

Wanafunzi wanakuja saa mbili usiku, kesho ndiyo mwisho wa kupeleka. Anasema, "Bro niwekee kama ya yule aliyetoka." Zamani nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Nilikuwa na faili moja, nabadilisha jina, shule na namba ya simu. Siku moja wakarudi wasichana wawili wanalia. Walipeleka ofisi moja siku moja, na wote wawili wanapenda kusoma riwaya na kutazama mpira, wote wana lengo moja neno kwa neno, na mmoja nilisahau kubadilisha mdhamini. Ofisi ikawarudishia zote mbili. Kosa lilikuwa langu, na niliwarudishia hela yao.

Siku hizi namkalisha mtu kwenye kiti namuuliza, tangu umalize kidato cha nne umekuwa ukifanya nini? Wengi wanajibu "hakuna". Nikikaa naye dakika kumi yanatoka: alikuwa mweka hazina wa kwaya, alifundisha tuisheni wadogo wa mtaani hesabu, aliuza vocha na kufanya miamala ya simu dukani kwa shangazi, alihesabu kaya wakati wa Sensa ya 2022. Sensa kabisa! Mtu amefanya kazi ya taifa, amepewa mafunzo, ametumia kishikwambi, halafu kwenye uzoefu anaandika "hakuna".

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wanafunzi hawana cha kuandika. Wanacho. Hawajui kama ndicho.

#10 MwanaBahi
Hapo Chapachapa umegusa. Mimi nadhani chanzo ni malezi. Tumekuzwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa Kigogo ukimwambia aandike ukurasa mzima wa kujisifu mbele ya mkubwa anaona aibu ya kweli. Ndiyo maana anakimbilia sentensi za kukopi, maana zile siyo zake, hazimwaibishi.

#11 Mama Kongwa
Mficha uchi hazai, mwanangu. Sisemi wajisifu. Waeleze. Kusema "nilipima kilo 300 kwa siku" siyo sifa, ni habari.

#12 Nkuhungu Juu
Mimi bado naona shida ni vyuo. Tunafundishwa kuandika CV kwenye somo la mawasiliano muhula wa kwanza mwaka wa kwanza, wiki moja, mtihani, imeisha. Ukija kuihitaji umeshasahau, na wakati ule hukuwa na cha kuweka.

#13 Mwalimu wa Zamani
Nawasalimu wote. Naona kila mtu anasema CV, wengine wanasema wasifu. Niliyefundisha Kiswahili miaka mingi naomba niingie. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Akijiandikia mwenyewe ni tawasifu. Karatasi hii ya kuombea kazi vitabu vya sekondari vinaiita wasifukazi. Natofautisha kwa sababu mkanganyiko wa jina unazaa mkanganyiko wa maandishi. Mwanafunzi akidhani anaandika wasifu anaanza "Nilizaliwa katika zahanati ya kijiji, nikiwa mtoto wa tatu kati ya saba". Nimesoma nyingi za hivyo. Huyo anasimulia maisha, wakati aliulizwa kazi.

#14 BintiMpunguzi
Shikamoo Mwalimu. Yangu inaanza na tarehe ya kuzaliwa, kijiji, dini, kabila, hali ya ndoa na majina ya wazazi. Nilikuta iko hivyo kwenye mfano niliopewa.

#15 Wakili Mchanga
BintiMpunguzi, hapo naomba nikuambie kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengine. Na kifungu hicho hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kama mwajiriwa kwa ajili ya ulinzi huo. Sasa kama mwajiri hatakiwi kuyatumia, kwa nini umpelekee mkononi? Kabila, dini, wazazi, ndoa, toa vyote. Utapata mistari mitano ya zabibu.

Na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usiiweke kwenye CV unayosambaza ofisi kwa ofisi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haiwezi kuirudisha karatasi yako ikishafungiwa maandazi.

#16 Mnyaturu Halisi
Wakili, kisheria sawa, ila kiuhalisia kuna ofisi ukitoa tarehe ya kuzaliwa wanakurudisha. Mimi Singida nilirudishwa. Wakasema haijakamilika, hatujui una umri gani.

#17 Wakili Mchanga
Tarehe ya kuzaliwa sikuitaja kwenye vya kutoa. Serikalini wanahitaji umri, kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wanaosimamia ajira za utumishi wa umma, cheti cha kuzaliwa ni sehemu ya viambatisho. Nimezungumzia kabila, dini, ndoa na wazazi.

#18 Mnyaturu Halisi
Kweli, nimesoma haraka. Samahani.

#19 Kijana wa CIVE
Wakuu, jambo moja la kiufundi ambalo hamjaligusa. Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa siku hizi CV inasomwa na programu kabla ya mtu. Ile mifano ya kupakua yenye safu mbili, picha ya duara, na vijistari vya rangi vya kuonyesha "Excel 80%", programu inaichanganya. Jaribu hivi: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Ukiona shule yako imeingia katikati ya namba ya simu, basi hicho ndicho programu inachokiona. Safu moja, vichwa vya kawaida, tarehe mwishoni. Mimi nilifanya hivyo, nikakuta jina langu limetokea chini kabisa baada ya wadhamini.

Na hiyo "Excel 80%" ni asilimia themanini ya nini?

#20 Chapachapa
Nimwongezee Kijana wa CIVE. Hata kwa macho ya mtu haifai. Mwanafunzi anatengeneza CV ya rangi ya zambarau na njano kwenye simu, inapendeza. Anakuja kuprinti nyeusi kwa sababu rangi ni ghali. Ile sehemu ya zambarau inatoka nyeusi tii na maandishi yake ndani hayaonekani. Nao anwani na simu ndiyo wameziweka humo humo kwenye zambarau.

#21 Hewa ya Dodoma
Hayo ya programu ni ya Dar na mashirika ya kizungu. Hapa kwetu ajira kubwa ni serikali, na serikali ni Ajira Portal, ule mfumo wa Sekretarieti wa kuomba kazi mtandaoni.

#22 Kijana wa CIVE
Sawa, na kwenye Ajira Portal safu siyo tatizo, kwa sababu taarifa unajaza mwenyewe sehemu moja moja, CV ni kiambatisho tu. Ila kule nako kuna mitego yake. Barua isiyo na sahihi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, matangazo yao yanasema wazi hazikubaliwi. Wadhamini watatu wasiotimia. Watu wanasema "wamepeana", kumbe barua haikusainiwa.

#23 Hewa ya Dodoma
Na mimi nilisaini, nikaambatisha vyote, sikuitwa. Usinijumuishe humo.

#24 Kijana wa CIVE
Sijakusema wewe kaka. Pole kwa hilo.

#25 BintiMpunguzi
Kwani hii Sekretarieti si ipo hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro? Siwezi kupeleka CV ya fildi pale?

#26 Dada Ihumwa
Ofisi ipo pale ndiyo, lakini wao wanashughulika na ajira za utumishi wa umma. Fildi unaandika kwa taasisi yenyewe unayoitaka: wizara unamwandikia Katibu Mkuu, halmashauri unamwandikia Mkurugenzi. Na barua ya chuo ya kukutambulisha uiambatishe. Halafu jipange na nauli, Mtumba kwenye mji wa serikali siyo jirani. Mimi nilipoteza siku tatu kuzungusha barua iliyoandikwa "Kwa yeyote anayehusika". Hakuna aliyejiona anahusika.

#27 Nkuhungu Juu
Lugha je? Kiswahili au Kiingereza?

#28 Mwalimu wa Zamani
Fuata lugha ya tangazo. Sekretarieti wanapokea barua kwa Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili safi kinampa mwanafunzi nafasi ya kusema alichofanya kwa usahihi. Wengi Kiingereza cha kuazima kinawafanya waandike vitu ambavyo hawakuvifanya.

#29 Mnyaturu Halisi
Mwalimu hapo tutakubishia kwa heshima. Mashirika mengi yasiyo ya serikali ukipeleka ya Kiswahili wanakuona hukusoma. Bora kuwa nazo mbili.

#30 BintiMpunguzi
Nimekaa na ushauri wenu usiku kucha. Nimeondoa kabila, dini na wazazi. Lengo la kazi nimeliondoa pia, lilikuwa la kukopi. Huu hapa mstari mpya, naomba mnisahihishe:

"Meneja Mauzo na Mhasibu, Shamba la Zabibu la Familia, Mpunguzi, 2019 hadi sasa."

#31 Mama Kongwa
Hapana mwanangu. Sasa umeruka ukuta.

#32 MwanaBahi
Meneja amekuja lini tena? Jana alikuwa ameshika ndoo. Nakutania dada yangu, usikasirike, ila Mama yuko sahihi.

#33 Mnyaturu Halisi
Ngoja nikupe kisa. Rafiki yangu aliandika "Excel: bora sana". Alikuwa ameitumia kutengeneza ratiba ya darasa. Kwenye usaili wakamweka mbele ya kompyuta, wakampa orodha ya mishahara, wakasema tuletee jumla kwa kila idara. Dakika ishirini. Alijumlisha kwa kikokotoo cha simu chini ya meza, wakamwona. Yule jamaa ni mchapakazi kuliko mimi, na angeandika "naitumia kwa orodha na jumla rahisi" angeulizwa hizo hizo rahisi, akapita. Neno moja lilimtoa.

Sasa wewe ukiandika Mhasibu, msailiwa mwenzangu, watakuuliza urari wa hesabu.

#34 Chapachapa
BintiMpunguzi, kaa kwenye kiti changu. Nakuuliza. Daftari lina nini na nini? Msimu mmoja mnavuna mara ngapi? Mnauza kwa nani? Kuna siku hesabu iligoma ukafanyaje?

#35 BintiMpunguzi
Daftari lina safu za tarehe, kilo, bei, jina la mnunuzi, aliyelipa na anayedaiwa. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wengine wananunua mbichi kwa kreti wakauze soko la Majengo na barabarani, nyingine tunakamua tunauza mchuzi. Siku hesabu iligoma ni 2023. Mama alisema pesa haifiki na kilo tulizovuna. Nikarudia kurasa zote, nikakuta wanunuzi wawili wamechukua kwa mkopo hatukuandika majina, tuliandika kilo tu. Tangu hapo nikaweka safu ya deni, na mnunuzi anasaini mwenyewe. Msimu uliofuata hakuna hata mmoja aliyekana deni.

#36 Mama Kongwa
Haya. Hayo ndiyo uandike. Hiyo safu ya deni ina thamani kuliko neno meneja.

#37 Mzee wa Reli
Nimejaribu kuipanga, mniambie:

"Mwandishi wa daftari la mauzo, shamba la zabibu la familia, Mpunguzi, 2019 hadi sasa (misimu miwili kwa mwaka). Kupima mzigo na kuandika mauzo ya zabibu mbichi na mchuzi kwa kila mnunuzi. Mwaka 2023 nilianzisha safu ya madeni yenye sahihi ya mnunuzi baada ya kugundua mauzo ya mkopo yasiyoandikwa. Msimu uliofuata madeni yote yalitambuliwa."

#38 Wakili Mchanga
"Yalitambuliwa" au "yalilipwa"? Yeye amesema hakuna aliyekana. Kulipa hakusema.

#39 BintiMpunguzi
Mmoja bado anadaiwa mpaka leo. Kwa hiyo iwe yalitambuliwa.

#40 Nkuhungu Juu
Na hii yote ni ukurasa mmoja au miwili? Mimi nilifundishwa CV ni kurasa tatu na kuendelea, pungufu ya hapo unaonekana mtoto.

#41 Kijana wa CIVE
Mwanafunzi ukurasa mmoja, ukizidi sana miwili.

#42 Mwalimu wa Zamani
Wahadhiri wana kurasa kumi kwa sababu wana machapisho ya kuorodhesha. Mwanafunzi akizijaza tatu, mbili zitakuwa semina za siku moja.

#43 Hewa ya Dodoma
Nimesoma uzi wote. Bado nasema bila simu ya mtu hiyo karatasi italala kwenye meza. Ila huo mstari wa safu ya deni hata mjomba wangu angeusoma.

#44 Mama Kongwa
Hewa, mimi sina mjomba wa mtu kwenye bahasha zangu.

#45 Hewa ya Dodoma
Wewe ni mmoja mama. Wangekuwa wengi nisingeandika niliyoandika.

#46 BintiMpunguzi
Swali la mwisho wakuu. Wadhamini ninao wawili, mhadhiri wangu na mwalimu wa sekondari, wote nimewaomba ruhusa. Wa tatu nimweke mama? Ndiye aliyekuwa bosi wangu.

#47 Dada Ihumwa
Mama hapana. Hakuna atakayeamini mama anakusema vibaya.

#48 MwanaBahi
Mama wa zabibu hana upendeleo kwenye kilo, ila kweli, weka mtu wa nje. Na umuulize kwanza. Mimi mdhamini wangu alipigiwa akasema "huyo simkumbuki vizuri", na nilikaa naye miezi miwili.

#49 Chapachapa
Muweke mnunuzi mmoja wa mchuzi, yule anayesaini daftari. Amekuona unafanya kazi misimu yote.

#50 BintiMpunguzi
Nimempigia sasa hivi, amekubali na amefurahi sana. Ila anasema mchana yupo shambani kusiko na mtandao, anapatikana kuanzia saa kumi na mbili jioni. Niandike hivyo pembeni ya namba yake?

#51 Mama Kongwa
Andika. Mimi nikipiga mchana nisipopata, sirudii.